Taa Isiyozimika: Kufundisha Uchunguzi wa Hitilafu za Injini kwa Programu ya Kompyuta

Makala haya yanahusu jambo ambalo limenisumbua katika ufundishaji wa ufundi wa magari kwa mihula kadhaa sasa, nalo ni namna ya kumfundisha mwanachuo kuitafuta hitilafu ya injini wakati taa ya onyo katika dashibodi inapowaka, ikazimwa, kisha ikawaka tena. Wasomaji wanaofundisha masomo mengine wasidhani kwamba hayawahusu. Mwalimu wa hisabati amwonaye mwanafunzi akinakili majibu ya nyuma ya kitabu, na mkufunzi wa ufundi amwonaye mwanachuo akisoma msimbo kwenye kioo cha skana na papo hapo kutaja kipuri cha kununua, wote wawili wanautazama ugonjwa mmoja.

Yamkini wako watakaosema kwamba kosa ni la chombo chenyewe, na kwamba fundi wa zamani, aliyetegemea sikio na pua yake, alikuwa bora. Mimi siafiki. Skana na programu ya uchunguzi humwezesha kijana wa mwaka wa kwanza kuona mambo ambayo fundi wa zamani hakuweza kuyaona kabisa. Kasoro iko katika namna tunavyoviingiza vyombo hivi darasani, nami nitaieleza kwa kisa ambacho mkosaji wa kwanza ndani yake nilikuwa mimi mwenyewe.

Kisa chenyewe

Dereva mmoja wa teksi, mtu mzima, alituletea gari lake katika karakana ya chuo taa ya injini ikiwa inawaka. Wanachuo walifurahi, kwa kuwa gari lenye ugonjwa wa kweli lina mafunzo kuliko injini iliyofungwa juu ya stendi. Tulichomeka skana, tukapata msimbo P0171. Programu ikatoa maelezo yake kwa Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu ni kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli ni mkonde mno katika safu ya kwanza ya silinda. Nikawaeleza wanachuo kwamba habari za ukonde wa mchanganyiko huletwa na sensa ya oksijeni iliyo katika bomba la moshi, na kwamba gari hili limekwisha tembea sana; kwa hiyo sensa imechoka. Mzee akaenda kununua sensa mpya kwa fedha ambayo kwake ilikuwa mapato ya siku nyingi. Tukaifunga, tukabonyeza kitufe cha kufuta, taa ikazimika. Wanachuo wakapiga makofi.

Siku ya nne mzee akarudi, taa inawaka, msimbo ni ule ule. Nilikuwa na kikao; wanachuo wakafuta msimbo na kumwambia kwamba kompyuta ya gari ilikuwa bado haijaizoea sensa mpya. Wiki iliyofuata akarudi tena. Hakugombana na mtu. Alisimama kando ya gari akaniambia, "Mwalimu, mimi nililileta gari, sikuileta taa."

Nilipokuwa ningali natafuta la kumjibu, mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, binti ambaye kwa kawaida hasemi sana, akauliza, "Samahani mwalimu, huu msimbo unasema kwamba sensa ni mbovu, au ni sensa inayosema kwamba hewa ni nyingi?"

Swali hilo lilikuwa ndilo somo ambalo nilipaswa kulifundisha tangu siku ya kwanza. Sikuwa na njia ya kulikwepa mbele ya wanachuo thelathini na mwenye gari. Nikakiri kwamba nimekosea, nikamwomba mzee atuachie gari kwa siku moja, tukaanza upya.

Taa hiyo iliwekwa kwa ajili gani

Nilipowauliza wanachuo taa hii inamwambia nini dereva, karibu wote walijibu kwamba injini inakaribia kufa. Jibu hilo halifanani na historia ya taa yenyewe. Chimbuko lake ni moshi. Jimbo la California nchini Marekani, ambako hewa ya jiji la Los Angeles ilikuwa imechafuka kwa moshi wa magari, ndilo lililoanza kuwataka watengenezaji waweke katika magari ya mwaka 1988 kompyuta inayojichunguza yenyewe. Tangu magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ikafuata utaratibu mmoja, wenye tundu moja la pini 16 na misimbo ya namna moja. Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Kazi ya kwanza ya taa, basi, ni kutangaza kwamba kuna jambo linaloweza kuzidisha uchafu wa moshi. Ndiyo maana gari huweza kwenda vizuri kabisa huku taa inawaka. Likitulia katika mwanga wake, dereva anao muda wa kulipeleka gari kwa fundi. Likiwa linamweka, maana yake injini inakosa kuchoma vizuri kiasi cha kuyaunguza masega ya bomba la moshi, naye dereva hana budi kupunguza mwendo mara moja.

Kwa magari yetu iko tahadhari moja. Mengi yaliingia nchini yakiwa yamekwisha tumika Japani, na baadhi ya yale yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la nchi hiyo yana tundu la umbo lile lile lakini hayaijibu programu ya jumla. Mwanachuo asiseme kwamba kompyuta ya gari imekufa kwa sababu tu skana haikupata jibu. Aanze na fyuzi, apime kama pini ya 16 inapata umeme wa betri na kama pini ya 4 na ya 5 zimeshika bodi, ndipo aifikirie programu.

Jambo ambalo wanachuo hawakulijua, na mimi sikuwa nimelitilia mkazo, ni subira ya kompyuta. Kwa hitilafu nyingi haiwashi taa mara ya kwanza ionapo kasoro. Huiweka kasoro hiyo kando kama tuhuma, na ikiiona tena katika safari inayofuata ndipo taa huwaka. Kadhalika, kasoro ikitoweka, taa huzimika yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kasoro, na msimbo kwa kawaida hufutika baada ya injini kupata moto na kupoa mara 40. Tunapobonyeza kitufe cha kufuta, tunafuta msimbo, tuhuma, masahihisho yote ambayo kompyuta ilikwisha jifunza, na ile picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa dakika hitilafu ilipotokea. Kompyuta inabaki kama mgeni aliyeingia mjini leo. Makofi ya siku ile yalipigwa kwa sababu ya usahaulifu wa kompyuta. Sensa haikuwa na sehemu yoyote katika jambo hilo.

Lugha ya msimbo

Kisa hiki kimenifundisha kwamba sehemu ya tatizo ni lugha. Wanachuo wetu huyasoma maneno ya Kiingereza kwenye kioo kama mtu asomaye jina la dawa: hulikariri, hulihusisha na kipuri fulani, basi. Sasa nawataka kila msimbo waugeuze kuwa sentensi kamili ya Kiswahili yenye mtenda na tendo, na wasiruhusiwe kugusa spana kabla ya sentensi hiyo kukubaliwa na kundi. Kwa P0171 sentensi tuliyoifikia baada ya mabishano marefu ilikuwa hii: "Kompyuta imelazimika kuongeza petroli kupita kiasi ilichozoea, kwa kuwa moshi unaonyesha oksijeni nyingi." Sentensi hiyo mara moja hufungua njia mbili. Ama hewa imezidi, ama petroli imepungua. Njia ya tatu, kwamba mtoa habari anasema uongo, ipo pia, lakini haina sababu ya kuwa ya kwanza. Linganisheni na ile tuliyoanza nayo, "P0171 ni sensa ya oksijeni," ambayo kwa hakika si sentensi ya uchunguzi bali ni kitendawili na jibu lake.

Mfano wa shughuli

Ili kueleza namna kompyuta inavyofikiri nilitumia mfano wa mpishi katika shughuli ya harusi, na kwa kuwa mfano huo umenifaa katika madarasa matatu nitausimulia. Mlangoni yuko mtu anayehesabu wageni; huyo ni sensa ya hewa. Humwambia mpishi idadi, naye hupika pilau ya kuwatosha hao. Katika injini kipimo ni takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito. Mwisho wa shughuli yuko mtu atazamaye kama chakula kimetosha; huyo ni sensa ya oksijeni. Sasa uani kuna tobo la ua, na watu watano wameingilia huko bila kuhesabiwa. Mtazamaji anasema chakula hakikutosha. Mpishi anaongeza. Kesho yake ni vile vile, anaongeza tena, mpaka anafikia kikomo na kulalamika kwa mwenye shughuli. Mlalamiko huo ndio taa.

Hapo wanachuo huanza kuona wenyewe kwamba kumfukuza mtazamaji na kuajiri mwingine hakuzibi tobo. Lakini faida kubwa zaidi ya mfano huu ni katika hesabu. Wageni wa mlangoni wakiwa 20, watano wa uani ni robo ya idadi hiyo, na upungufu unaonekana wazi. Wageni wakiwa 200, watano hao ni wawili na nusu kwa mia, na hakuna atakayehisi. Basi, kama tobo lipo nyuma ya koo la hewa, kwenye manifoldi ambako mvuto ni mkubwa injini inaponguruma bila kukanyagwa, kasoro itakuwa kubwa wakati huo na itapungua mwendo wa injini ukiongezwa. Ikiwa tatizo ni upungufu wa petroli, tuseme pampu imechoka au chujio limeziba, mambo hugeuka: injini ikiwa sailensa chakula kinatosha, na njaa huonekana pale inapotakiwa kufanya kazi.

Programu ya uchunguzi hutuonyesha jambo hili kwa tarakimu. Iko namba ya sahihisho la mafuta la muda mfupi, inayobadilika kila mara, na iko ya muda mrefu, ambayo ni mazoea ya mpishi. Jumla ya hizo mbili ikiwa ndani ya 10 kwa mia, juu au chini ya sifuri, kwa kawaida hatuna wasiwasi. Ikifika 25 kwa mia au zaidi juu ya sifuri na kudumu hapo, kompyuta nyingi huwa zimekwisha kata tamaa.

Tulivyoendesha somo la pili

Safari hii kitufe cha kufuta kilipigwa marufuku. Kundi la kwanza lilitoa ile picha iliyohifadhiwa, ambayo mara mbili tulikuwa tumeifuta bila kuisoma. Ilionyesha mwendo wa gari sifuri, injini mizunguko 720 kwa dakika, na joto la maji nyuzi 91 za Selsiasi. Nikawauliza gari la teksi hukaa wapi likiwa na moto huku halitembei. Hawakuhitaji kufikiri, wote hupita kila siku mbele ya kijiwe ambapo madereva husubiri abiria injini ikiwa inanguruma.

Kundi la pili liliandika masahihisho ubaoni. Sailensa: muda mrefu 19 juu ya sifuri, muda mfupi 4, jumla 23. Katika mizunguko 2500: jumla 6. Nilikaa kimya. Ukimya huu ni mgumu kwa mkufunzi kuliko kuzungumza, maana jibu unaliona na ulimi unawasha. Baada ya dakika kama tano kijana mmoja akasema, "Ni wale wa uani."

Kilichobaki kilikuwa ni kulitafuta tobo. Katika karakana nyingi fundi hunyunyizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini inayonguruma ili asikie mlio ukibadilika. Nimewakataza kabisa, injini ina moto na cheche, na darasa lina watu wanaobanana kutazama. Tulitumia koleo lililofungwa kitambaa, tukabana mpira mmoja mmoja karibu na manifoldi, huku mwanachuo mmoja akisoma namba kwa sauti. Gari lilikuwa limewekewa vizuizi magurudumuni, milango ya karakana ikiwa wazi kwa ajili ya moshi. Mpira wa kwanza, hakuna badiliko. Wa pili, hakuna. Tulipoubana mpira wa kupumulia injini, utokao kwenye kifuniko cha vali, msomaji akapaza sauti: "Sufuri... toa nane... toa kumi na tano!"

Mpira huo ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Lakini darasa halikuishia hapo, kwa kuwa wengine walishangaa namba kushuka chini ya sifuri badala ya kukoma sifuri. Je, tumeleta kosa jingine? Jibu lilitoka tena kwa mpishi: tobo limezibwa ghafla, lakini mazoea yake ya kuongeza 19 kwa mia bado hajayaacha, hivyo chakula kimezidi, naye anapunguza upesi kwa mkono wa muda mfupi. Niliona kwamba aliyeweza kulieleza jambo hilo alikuwa ameelewa, na kwamba swali lile la namba kushuka chini ya sifuri ndilo lingekuwa swali zuri la mtihani kuliko lile la "taja maana ya P0171" ambalo nimelitunga miaka yote.

Mpira mpya uligharimu fedha kidogo mno kulinganisha na sensa. Baada ya kuufunga hatukufuta msimbo upesi. Tulitazama kwanza masahihisho yakirudi karibu na sifuri, ndipo tukafuta. Hata hapo hatukumwambia mzee kwamba gari limepona. Tulimwambia aliendeshe kama kawaida yake, pamoja na kusubiri abiria kijiweni, na arudi baada ya wiki moja hata kama taa haitawaka, ili tusome kama kompyuta imekwisha maliza vipimo vyake na kama kuna tuhuma iliyowekwa kando. Alirudi. Vipimo vilikuwa vimekamilika, tuhuma hakuna, na jumla ya masahihisho ilikuwa 3 kwa mia.

Matatizo yaliyosalia

Chombo ni kimoja na wanachuo ni wengi. Nimejaribu kuwapa kazi tofauti: mmoja husoma, mmoja huandika ubaoni, wawili hushika koleo na taa, waliobaki hutabiri namba itakayofuata na kuandika utabiri wao kabla haijasomwa. Kutabiri huku kumefaa kuliko nilivyotazamia, kwani mwanachuo aliyeandika 20 na kusikia 6 hawezi kulala usingizi darasani. Ziko pia adapta za bei nafuu zinazotumiwa pamoja na simu; zinafaa kwa kusoma misimbo na namba za injini, ila baadhi ni nzito kujibu na baadhi hazijibu maswali yote, na mkufunzi azijaribu mwenyewe kabla ya somo.

Tatizo gumu zaidi ni muda. Somo la kwanza, lile la makosa, lilichukua vipindi viwili. La pili lilichukua asubuhi nzima. Mkaguzi akiingia na kutazama azimio la kazi ataona kwamba niko nyuma kwa mada mbili, naye atakuwa na haki. Nimeamua kuzipunguza mada za misimbo ya mfumo wa breki na mifuko ya hewa hadi muhula ujao, kwa kuwa njia ya kufikiri ni ile ile, lakini sidai kwamba uamuzi huu utawafaa wakufunzi wa vyuo vingine.

Kuhusu sensa ya mzee, chuo hakina fungu la kumrudishia fedha yake. Tuliifunga ile ya zamani katika injini yetu ya mafunzo, tukaitazama ikipanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 kama inavyopasa, wala haikuwa na ubovu wowote. Nilimweleza hivyo bila kuficha. Tulikubaliana kwamba gari lake litafanyiwa matengenezo ya kawaida karakanani kwetu kwa mwaka mmoja bila malipo ya ufundi, naye atanunua mafuta na vipuri tu. Sensa ile ya zamani imo katika kabati la karakana pamoja na mpira uliopasuka, na wanachuo wapya hupewa vitu hivyo viwili mkononi, pamoja na karatasi yenye msimbo, kabla sijasema neno lolote.